Muziki Usizime

Jumatano

Siyo betri! Wiki tatu majirani hapa Gongoni wananisukumia pikapu kila asubuhi, na Sefu, fundi aliyenifungia redio na amplifaya, anakomaa kwamba betri imechoka. Betri ya miezi minne imechokea wapi?

Leo nimeazima mita nikapima mwenyewe. Ufunguo ninao mkononi, gari limezimwa, lakini umeme unatoka ampea mbili. Nikachomoa fyuzi za gari moja moja, bado ampea mbili. Nikafungua waya wa amplifaya uliotoka moja kwa moja kwenye betri, ikashuka karibu na sifuri. Ampea mbili kwa saa kumi na mbili ni ishirini na nne, na betri yenyewe ni ya arobaini na tano; zaidi ya nusu imeliwa usiku. Itaamkaje?

Nikampigia Sefu nikiwa nimepandwa na hasira. Akacheka.

"Mama Neema, si ulisema mwenyewe, 'Fundi, nataka muziki usizime'?"

Kweli nilisema. Nilimaanisha usikatike kwenye mashimo ya njia ya Puge! Yeye akaiunganisha amplifaya isizime kabisa, hata ufunguo ukitoka.

"Nitakuja kurekebisha," akasema, "ila safari hii useme vizuri."

Sikuweza kujizuia, nikacheka.

Kesho alfajiri nampeleka mama kliniki ya macho Nzega. Nilikuwa naogopa tutachelewa tukisukumwa. Sasa waya wa amplifaya nimeuacha wazi, tutaenda bila muziki, sawa tu.

Majirani sijawaambia. Waache watoke na kanga zao mabegani, tayari kusukuma, nami niwapite nikipiga honi.