Harufu Haishibishi

Papa Zulaikha,

Samaki za sambaza ziko chini ya beseni, uchunge paka. Maharagwe yameiva, utie chumvi tu. Tangawizi uichemshe mbele ya adhana ya magaribi, usingoje bageni bafike.

Na ule uji ulioniwekea asubuhi uko palepale, nimeufunika na sahani. Sikuugusa. Pua iliziba tangu jana, hata Fatiha ilinishinda kusoma, ndiyo nikanusa kale kachupa ka mafuta ya mikaratusi. Nilinusa, sikumeza kitu. Wewe ukasema mbele ya batoto: "Funga yako imekwisha, kula." Kama vile umenikamata naiba nyama kwenye marmite motoni!

Mwaka tulipokimbia vita Bukavu, nilifunga Ramadani nzima bila daku, Zulaikha akiwa mgongoni. Sikufungua hata siku moja. Leo harufu ndiyo inifungulie?

~~Futari musiningojee.~~ Nitakuja kufuturu. Nyumba ni yangu pia.

Ninaenda sokoni kushona nguo za Idi, na funga yangu ninayo. Nikitoka nitapita kwa shehe, nimuulize mimi mwenyewe. Kachupa nakaacha hapa kando ya uji. Vile ulivyokoroma jana, pua yako nayo imeziba, utakatafuta mbele ya saa sita kufika.

Shehe akisema nimefungua, nitalipa siku moja Idi ikiisha, basi. Na wewe, lile neno ulilosema mbele ya batoto, utalilipa kwa siku ngapi?

Maman Zulaikha. Nimefunga.