Mama mkwe hataki kupanda gari niliyoinua springi

Mpendwa Mama Mutindi,

Naomba unisaidie na unisaidie haraka, maana mke wangu Nalangu atajifungua katikati ya mwezi wa tano na mamake, ambaye ndiye alikaa na sisi miezi mitatu kwa mtoto wa kwanza na miezi mitatu kwa wa pili, amekataa kupanda gari yangu kuja Kitengela, sababu hajasema, mimi kumuuliza siwezi, na Nalangu naye nikimuuliza ananijibu tu, "Uliza gari yako."

Wacha nikueleze kutoka mwanzo ndio usinihukumu bure. Mimi ni karani wa stoo kwa kiwanda kimoja hapa Athi River, nyumba yetu iko Kitengela, na mwaka wa 2000 nilinunua stesheni wagoni nyeupe ya mkono wa pili, gari nzuri, inanipeleka kazi kila siku, inapeleka watoto shule, Jumamosi inabeba unga na makaa, na mara moja kwa mwezi inatupeleka kwa wakwe zangu kule ndani ya Bisil, ambako ukishatoka lami uko na kilomita kumi na nne za mawe na mitaro kabla ufike kwa boma. Miaka miwili haikunisumbua. Halafu mwaka jana mwezi wa nane shemeji yangu akaoa, tukaenda arusi tukiwa watu wanane ndani na jerikeni za maziwa kwa buti, na pale mbele ya boma kabisa, wageni wote wamesimama wanatuangalia, gari ikakaa kwa tumbo juu ya jiwe na ikakataa kutoka. Vijana walikuja wakaiinua kwa mabega, mimi nikiwa nimeinama chini yake nasukuma jiwe, na mmoja wao, Parsaoti, ambaye mdomo wake haulali, akaniuliza mbele ya watu, "Shemeji, hii gari yako iko na mimba? Mbona imelala?" Watu walicheka mpaka wazee. Mama mkwe alikuwa amesimama mbali, nikaona ameweka shuka kwa mdomo, nikajua hata yeye anacheka, na hiyo ndiyo iliniuma kuliko Parsaoti.

Kwa hivyo Jumatatu nilienda kwa fundi Bedan hapa stendi nikamwambia nataka hii gari iende juu, nataka mbuzi apite chini bila kuinama. Bedan akaniambia dawa ni springi za pikapu, hizo zinabeba tani nzima, hazijawahi kuaibisha mtu, na juu yake akaongeza spesa, vipande vya raba vya kuinua springi, ndio iende juu zaidi. Shoki akaniachia zile za zamani, akasema bado ziko na nguvu. Mama Mutindi, ilisimama juu. Nilikuwa natoka nje asubuhi na kikombe cha chai naizunguka tu naiangalia, na jirani yangu Adero akaniuliza kama nimenunua gari ingine.

Shida ilianza tukiingia ndani. Tuta dogo tu hapa karibu na soko, gari inaruka, inashuka, inaruka tena. Mayai nimeacha kubeba. Mtoto wangu Lemein aliuma ulimi tukielekea Isinya, akakaa siku mbili akikunywa uji tu. Nalangu tangu mwezi wa pili anaenda kliniki na matatu, na mimi, kwa sababu sitaki aende peke yake, namfuata nyuma na gari tupu mpaka nione ameshuka salama, halafu nageuka naenda kazi. Watu wa stendi wameshaanza kuniuliza kama tumeachana.

Lakini hiyo yote ningevumilia kama si Krismasi. Tulienda kumchukua mama mkwe aje akae na sisi wiki moja. Wewe jina lako ni la Ukambani, sijui kama unajua vile sisi tunafanya: mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa umbali, hawaangaliani usoni, hawakai pamoja, mambo ya mwili hayatajwi kabisa, hata majina hatuitani, tangu nilipompa ng'ombe mimi namwita Pakiteng na yeye ananiita Pakiteng, na tunaishi vizuri hivyo. Kwa hivyo nilimweka kiti cha nyuma pamoja na watoto, na ile kioo ya ndani nikaigeuza iangalie juu kwa paa ndio macho yangu yasikutane na yake hata kwa bahati mbaya. Nikaendesha. Niliendesha vizuri, kwa kasi hata, maana sasa gari haikuwa inaogopa jiwe lolote, nikafurahi nikasema moyoni, leo ameona. Nyuma hakuna mtu aliongea neno. Tulipofika Kitengela alishuka, akasimama ameshika mlango wa gari kwa muda mrefu, akasema "Ashe oleng", yaani asante sana, akaingia ndani akalala mpaka kesho yake. Kurudi alikataa nimrudishe, akapanda matatu mpaka Bisil. Na tangu hapo kila nikimtumia neno kwamba nitakuja kumchukua, jibu linakuja moja: gari ni nzuri, lakini hapana.

Mimi naona ananidharau tangu siku ya jiwe. Ama kuna heshima niliivunja bila kujua. Na sasa Nalangu amesema kama yeiyo wake, yaani mamake, hawezi kuja Kitengela, basi yeye ataenda kuzalia kwao, na huko hospitali iko mbali, na mtoto wa pili alitoka kwa shida sana, daktari alituambia wa tatu tusicheze. Silali nikifikiria hiyo barabara na mke wangu akiwa na uchungu.

Sasa nifanye nini? Bedan anasema tuongeze shoki ngumu ndio zishike zile springi. Keynan wa spea anasema nitoe kila kitu nirudishe springi za gari yenyewe na shoki mpya za mafuta. Rafiki yangu wa kazi anasema niende Nairobi nitafute za gesi, zile za magari ya mashindano. Ama niuze gari? Ama nimpelekee mama mkwe ng'ombe wa pili kama msamaha? Niambie wewe. Na tafadhali jina langu usiliandike, kwa sababu Nalangu akimaliza kusoma gazeti lako humtumia mamake, na mwalimu Rebecca wa Bisil ndiye humsomea.

Baba Lemein,
Kitengela, Aprili 2003

MAMA MUTINDI ANAJIBU

Baba Lemein,

Umeniomba nifiche jina lako, halafu umenitajia mke, mtoto, jirani, fundi, muuza spea na mwalimu. Haya. Jina nimelificha. Hayo mengine umejitakia.

Ng'ombe mwache alipo. Hakuna heshima uliyoivunja. Ulichovunja ni mgongo wa watu, na huo haulipwi kwa ng'ombe.

Wasomaji wengi hawajui kwamba kabla sijapewa meza hii niliuza spea Machakos na marehemu mume wangu kwa miaka kumi na minne, na wanaume kama wewe niliwahudumia wengi. Mtu amechekwa mara moja, asubuhi yake yuko dukani anataka chuma. Hakuna aliyewahi kuniambia, "Mama, nataka springi ya kumfaa anayekaa nyuma." Hata mmoja.

Sikiliza basi. Springi ya pikapu imetengenezwa iiname ikishabeba tani. Wewe huna tani, uko na mke, watoto wawili na mfuko wa unga. Kwa hivyo haiinami, na jiwe unalopanda linapita juu moja kwa moja mpaka kwa aliyeketi. Kazi ya shoki ni kuituliza springi isiruke ruke. Zako zilikuwa zimechoka hata na springi zake mwenyewe, ukaziletea mabwana wenye nguvu kuzidi uwezo wake, ndiyo maana tuta moja linakurusha mara tatu. Ukiongeza shoki ngumu juu ya springi ngumu kama Bedan anavyotaka, gari itaacha kuruka, ndiyo, lakini mtakuwa mmekaa juu ya meza ya mbao. Na wewe husikii kwa sababu umekaa katikati ya magurudumu na umeshika usukani. Wa nyuma amekaa juu ya magurudumu yenyewe na hana cha kushika.

Kuhusu kioo sikulaumu, mila hiyo naijua na ni nzuri. Lakini ni mila gani iliyokukataza kupunguza mwendo? Watu wamenyamaza kilomita kumi na nne za mawe, na watoto wamo, nawe unaona ni kwa sababu wamependezwa. Mkeo alikwambia uulize gari yako ukadhani ni matusi. Lilikuwa jibu, bwana, na lilikuwa jibu kamili.

Jumamosi hii, kabla hamjashika spana, mpe Bedan ufunguo aendeshe na wewe ukae nyuma. Kaa pale pale alipokaa mkweo. Barabara mbovu huko kwenu hazitafutwi, chagua yoyote, na mwambie aende kwa mwendo uleule wa Krismasi. Ukitoka hapo hutahitaji barua yangu, lakini endelea kusoma.

Keynan anauza, lakini anasema kweli. Rudisha springi za gari yako, zote nne. Ukiona lazima iwe juu kidogo kwa ajili ya njia ya ukweni, mwambie akutafutie zilizo ndefu kwa inchi moja na ulaini uleule, si zaidi. Spesa zitolewe zote. Shoki nunua mpya, za mafuta, nne kwa siku moja. Usije ukaweka mbili mbele ukasema za nyuma zitangoja mshahara, maana nyuma ndiko kwenye kesi. Zile za mashindano waachie wanaoshindana, wewe unashindana na nani? Bushi, zile raba za kwenye maungio, ziangaliwe, zilizokatika zibadilishwe na weka za mpira laini. Na jiwe lako lile lililokutia wazimu dawa yake ni bamba la chuma chini ya injini na kubeba watu watano. Wanane na jerikeni za maziwa ni lori.

Halafu upepo wa tairi. Nakujua, umejaza kama wa lori pia. Pima, punguza mpaka kiasi kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Kazi ikiisha, magurudumu yanyooshwe, kisha egemea kona ya boneti kwa uzito wako wote na uiachie ghafla. Ikipanda mara moja na kutulia, mlipe fundi. Ikiendelea kunesa, usiondoke hapo.

Na Bedan usimchukie. Ulimwomba gari iende juu, akaipeleka juu. Hukumwambia nani atakaa ndani. Zile springi muuzie mwenye pikapu, zitamfaa sana.

Sasa kuna jambo lingine, na hili ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Wiki mbili kabla ya barua yako nilipokea nyingine kutoka Bisil, kwa mwandiko safi wa mwalimu, kwa niaba ya mama mmoja. Alisema yuko na ujumbe kwa mkwe wake, na yeye mwenyewe hawezi kuutoa kwa kuwa unagusa mambo ya mwili, na binti yake ni mjamzito hataki kumwongezea mawazo. Akaniomba nitafute njia ya kuufikisha. Mimi sikujua mkwe mwenyewe nitampata wapi. Sasa umejileta.

Maneno yanayofuata ni ya Nalangu, maana ya mwili wewe hupaswi kuyasikia na yeye heri ajue kuliko kukisia, kwa hivyo wewe ruka mpaka nitakapokuita. Nalangu, mamako anasema ile safari ya Krismasi ilimkaza mgongo siku nne na akashindwa kufunga hata viatu, na kwenu alikuwa anatabasamu tu ili msijue. Anasema alikataa kurudi na gari kwa sababu aliogopa kulia mbele ya wajukuu. Ameshapona. Usilie na wewe, na kwenda kuzalia Bisil uache, yeye mwenyewe hataki kabisa, anasema hospitali ya huku ndiyo ya binti yake.

Baba Lemein, rudi. Mkweo hajakudharau hata siku moja. Siku ya jiwe, na hili pia limo kwenye barua yake, hakuwa anacheka. Aliweka shuka mdomoni kwa hofu, maana wewe ulikuwa umeinama chini ya ile gari huku vijana wanaiinua kwa mabega na kucheka, na aliona ikiwaponyoka itakuangukia. Na sokoni kila Jumatano, mwalimu ameandika, lazima awaambie wenzake kwamba gari ya mkwe wake huja mpaka mlangoni, na wanawake wengine wamechoka kusikia.

Anaomba kitu kimoja tu. Anataka afike Kitengela akiwa bado anaweza kuinama na kumwinua mtoto.

Fundi atahitaji siku moja. Ukimaliza usimtumie mkweo sifa za springi, mwache Nalangu amwambie tu ni Jumamosi gani, na wewe uende polepole. Hatakuchelewesha. Begi lake limefungwa tangu mwezi wa pili na liko nyuma ya mlango.