Jiwe la Mzee Kasoga

Usinge, Alhamisi, 1973

Na kwa nini nilicheka? Juzi, kwenye kisomo cha watu wazima, niliwaonyesha jiwe kali la watu wa kale, nikasema ni la kuchunia wanyama. Mzee Kasoga, mrina asali, akasema huenda walibandulia magome pia.

Nikacheka: "Mzee, hapa hatubahatishi!"

Darasa zima likaangua kicheko. Jana hakuja.

Leo nimemfuata msituni, jiwe mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Lete."

Akachanja mti kwa jiwe lile, akabandua gome zima la kutengenezea mzinga. "Nimebahatisha tena?"

Nikamsihi arudi. Atarudi, kasema, ila kesho asimame yeye ubaoni, mimi nikae benchini.

Tangu jioni nazunguka tu chumbani. Na wakinicheka mimi?

Herufi anazijua sita. Mimi mizinga sijatengeneza hata mmoja.