Maswali Niliyomuuliza Baba Mdogo Bahizire

Doonside, Sydney
22 Agosti 2021

Mpendwa Shangazi Verdiane,

Salamu nyingi zikufikie hapo Bukavu. Magoti yanaendeleaje? Na korona, imepungua huko au bado mnazika? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hautulii.

Sitaki uyasikie kwa watu wengine. Mdogo wako, baba mdogo Bahizire, amelazwa hospitalini, anapumua kwa oksijeni. Aliyeita ambulensi ni mimi.

Unajua nilianza kusoma sosholojia, somo la jinsi watu wanavyoishi pamoja, kwenye chuo kidogo cha huku mtaani. Sasa kimefungwa, nasomea jikoni kwa simu. Mwalimu alitaka kila mwanafunzi amhoji mtu kuhusu kazi yake wakati huu wa ugonjwa. Akasisitiza tusikilize tu, tusiingilie maisha ya mtu. Nikamchagua baba mdogo, maana anafanya kazi ghalani na hachoki kuongea.

Yeye yuko Granville, nasi haturuhusiwi kwenda mbali na nyumbani; polisi na wanajeshi wanazunguka mitaani. Kwa hiyo Jumatano asubuhi nilimhoji kwa video. Shangazi, hakuweza kumaliza sentensi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Baba mdogo, unaumwa?"

"Ni baridi tu. Uliza swali lingine."

Mkewe, mama mdogo Lydie, akaichukua simu. Akaninong'oneza kwamba homa haimwachi, lakini ikijulikana ni korona, polisi watakuja mlangoni na kazi itapotea. "Wewe andika masomo yako, mwanangu. Haya mengine yaache." Akakata.

Nilibaki nikiyatazama maswali yangu. Huyu si mtu wa kusikilizwa tu, ni baba mdogo wangu. Nikapiga simu ya dharura, nikakosea hata kutaja jina la barabara yao.

Walikuja watu waliojifunika plastiki mwili mzima, wakamchukua, majirani wote madirishani. Tangu hapo mama mdogo hapokei simu yangu. Kwenye WhatsApp ya kanisa wanasema nimemuuza. Chakula hakipiti. Na kwenda kumwona ni marufuku.

Leo nesi alimshikia simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba mno.

"Nani alikutuma uwaite?"

"Hakuna, baba mdogo. Niliogopa."

Nikasikia mashine ikilia kando yake. Kisha akasema, "Daktari anasema ningebaki nyumbani, ningekufa. Lydie naye ameanza kukohoa. Na Verdiane, mwambie asianze kulia."

Basi usilie, Shangazi, ingawa mimi nimeshindwa. Bado hajavuka hatari. Nakusihi umpigie mama mdogo leo hii. Wewe hawezi kukukatia simu. Mwambie akubali daktari aje.

Nisalimie kaka Mushagalusa na watoto wake wote. Mungu aikumbatie nyumba yako, na huku pia asitusahau.

Ni mimi binti yako, wako akupendaye,
Chibalonza