Mama Uliyenilia Ningali Hai

Mama yangu mpendwa,

Sitaandika jina lako, wala langu, wala la kijiji chetu. Milima ya Masisi ni mingi na akina mama wanaolima maharage juu yake hawahesabiki, lakini wewe utajijua. Atakayekusomea barua hii akiulizwa, aseme ni habari za watu wengine.

Unakumbuka siku ile tuliposhuka hospitali ya Mweso, shavu lako limevimba mpaka jicho likafumba? Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, na daktari wa meno alipokuita ulinivuta mkono niingie nawe, nikushike kichwa. Wewe uliyewahi kujifungua shambani peke yako, jino lilikuliza. Tulipotoka, kinywa kimejaa pamba, ulinieleza kwa ishara kwamba kazi ile ingenifaa, kwa sababu mikono yangu haina haraka. Nikalishika neno hilo mpaka nikapata diploma ya sekondari. Ndipo tukajua kwamba hata tungeuza shamba, nyumba na wewe mwenyewe, karo ya chuo kikuu cha Kinshasa isingepatikana.

Jeshi lilikuwa likitafuta vijana wenye diploma wa kufanywa maofisa, na ambao wangefanya vizuri wangesomeshwa udaktari. Nilipokuletea habari hiyo hukushtuka kusikia bunduki. Ulichekea mbio za mtihani wa kuingia. "Wee papa," ulisema, ukiniita baba kama ulivyozoea, "na ile tumbo yako?" Ulikuwa na haki ya kucheka. Shuleni, wenzangu walipocheza mpira, mimi nililinda viatu vyao, na nilivilinda nikiwa nimekaa.

Lakini hukuishia kwenye kicheko. Kila alfajiri ulinibebesha kitunga cha mihogo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso kama wanavyobeba wanawake, tukapanda mlima, wewe mbele na mzigo mkubwa kuliko wangu. Majirani walitoka nje kutazama. Mwanamume kubeba vile kwetu ni kichekesho, nawe hukuwajali. Siku nilipokaa chini katikati ya njia nikisema basi, siwezi, hukunibembeleza. Ulisimama mbele yangu ukihema, ukasema, "Mbio hauna, na hautapata. Lakini kukatala kukaa chini, ile kila muntu anaweza."

Goma, siku ya mtihani wa mbio, wachezaji wa mpira waliniacha nyuma kabla sijatoka jasho. Afisa aliyetuandika alikuwa ameniuliza nafanya mchezo gani, nikamjibu kwa heshima zote, "Ninabebaka mihogo ya mama, Kapiteni." Alicheka mpaka akavua kofia. Basi, wale wenye kasi wengine walianguka njiani, wengine wakakaa chini, na mimi nikafika wa mwisho kati ya waliofika. Waliofika walichukuliwa. Nilipokupigia simu ulipiga vigelegele hadi nikaiondoa sikioni.

Na walinisomesha kweli. Leo mimi ni luteni na daktari wa meno huku Walikale, msituni, ambako hata mbingu unaiona vipande vipande. Nina kiti kimoja, na wanaume wasioogopa risasi wakikikalia hunishika mkono na kuniomba nisubiri kidogo. Ningekuchekesha sana kwa visa vyao. Lakini milima yetu sasa imeshikwa na wenye silaha wengine, na mzazi mwenye mtoto jeshini huulizwa maswali. Wachuuzi wanapita na bidhaa zao kutoka huku hadi huko. Mimi siwezi.

Dada yangu mdogo ndiye aliyenipigia simu. "Kaka, usikasirike," alisema. "Mama aliambia batu kama ulikufa. Kilio ilishaisha." Ulitangaza kwamba ugonjwa ulinichukua Kinshasa, nikiwa mwanafunzi, hata sare sijaivaa. Watu walilala uani kwako, wakaleta kuni na maharage, wakaniombea. Dada alisema ulilia hivi kwamba hata yeye aliyejua ukweli alilia. Na wale wenye maswali walipofika, walimkuta mama aliyenyoa nywele, wakampa pole na kwenda zao.

Ulifanya sawa, Mama. Nimekasirika, na ulifanya sawa, na sijui niiweke wapi hasira hii maana hakuna wa kumpelekea.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu kuomba niachwe nitoke jeshini. Hakuwa mkali. Alinikumbusha ni nani aliyenisomesha na kwamba niliweka sahihi, akaniuliza kama nataka askari wake wang'olewe meno kwa koleo. Nilitoka nikimlaani, na kabla sijafika mlangoni kwangu nikatambua kwamba hata angeniruhusu, nisingekuwa na pa kwenda. Siku nitakayoonekana kwenye njia yetu, wewe utakuwa umewadanganya watu wenye bunduki. Huku nimefungwa na sahihi yangu, huko nimefungwa na machozi yako. Nikaingia ndani, nikavaa glavu, nikamwita aliyekuwa akisubiri.

Juzi dada alipiga tena. Mtoto wake, aliyezaliwa baada ya kilio, sasa anatambaa. Wazee walitaka apewe jina la mjomba wake marehemu, na yeye angekataaje? Alisema tangu kilio kile hukuwahi kulitamka jina langu, hata kwenye sala, kwa kuogopa ulimi usikuponyoke. Sasa unalitamka kutwa, uani, mbele za watu, mtoto akisogelea moto, akila udongo, akikataa kulala, na hakuna anayekuuliza kitu.

Nilimwomba akusogelee na simu bila kukuambia. Nikakusikia. Ulikuwa ukiniita nije kula, Mama, kwa sauti ileile, ukivuta mwisho wa jina kama ulivyokuwa ukiuvuta nikiwa mbali bondeni. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kuitika. Niliuziba kwa mkono.

Endelea kuliita, Mama. Mtoto asikose chakula chake.

Ni mimi, mwanao mkubwa.