Kidoa cha Chini ya Sikio

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha matofali,
Jumatatu, tarehe 9.

Mpendwa shemeji,

Hujambo huko? Mumeo na mapacha wazima? Na kile kikohozi chako kimekuacha? Sisi hatujambo. Mgongo wangu tu ndio mkorofi, nimeuzoea.

Nimepata kibarua kanisani. Nabeba, nakoroga zege, napandisha vioo vya rangi. Dirisha kubwa ni ule mfano wa Yesu, mwanamke aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi, akawasha taa, akafagia nyumba nzima.

Shemeji, mwanamke yule ni dada yako.

Unajua kabla hajafariki alikuwa anafagia karakana ya fundi vioo, yule tunayemwita Miwani. Mwezi uliopita nilitumwa huko kuchukua vioo, nikamkuta mezani, amechorwa kwenye kioo, bado hajaingia tanuri la kuchomea rangi. Macho yake, mdomo wake, kitambaa cha kichwani kimevuliwa. Hata kile kidoa cha chini ya sikio. Nilidhani tunaokijua ni mama yenu, wewe na mimi. Basi.

Nikamuuliza Miwani, "Huyu umemtoa wapi?"

"Si mkeo huyu, bwana? Joto la tanuri likizidi alikuwa anavua kitambaa. Anafagia, anacheka, mimi nachora. Wala hakujua."

"Anacheka nini?"

"Vihadithi vyangu tu."

Kwangu alikuwa anafika amechoka, anakula, analala. Kicheko kile nilishakisahau. Picha yake ninayo moja, ya kitambulisho, amekunja uso. Miwani kachukua kicheko kizima.

Rangi ikiwa haijachomwa inafutika kwa kidole. Miwani alipogeuka kutafuta kamba, nikatia mate kidole gumba. Nilitaka kufuta mdomo. Mkono ukakataa. Nikafuta kidoa.

Sasa dirisha liko juu, nimelipandisha mwenyewe. Watu wanasimama, wanasema mama yule kapendeza. Wamtazame. Kidoa hawana. Binti yetu anasema baba unaonea wivu kioo. Kweli, naona.

Nakuomba kitu, usinifiche. Dada yako alikuwa anakusimulia mambo mengi. Vile vihadithi vya Miwani, kama unakumbuka hata kimoja, niandikie. Na mimi nicheke.

Nisalimie mama mkwe, mumeo na mapacha. Mungu akulindeni, na kikohozi kiishe.

Ni mimi nikupendaye,
bado mume wa dada yako.