Yai la Mdogo Wangu

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Sisi wazima, ila kichwa changu kinazunguka. Daktari ametueleza kwa nini mimba tatu zimeharibika. Kumbe mayai yangu nilizaliwa nayo yote, na yana umri wangu, miaka arobaini na mbili. Mengi yameisha. Yaliyobaki, vinasaba ndani yake havigawanyiki sawasawa.

Shemeji yako akacheka, “Mimi hamsini na tano, bado kijana!” Daktari akamwambia mbegu za mwanamume hutengenezwa kila siku, lakini nazo hukusanya kasoro kadiri anavyozeeka. Bwana mkubwa akaanza kuhesabu miaka yake kwa vidole.

Kisha daktari akaniuliza, “Una mdogo wa kike?” Umeelewa? Mimi nimeelewa nusu.

Dada yako

20 Machi

Dada, shikamoo.

Afya njema, akili ndiyo sina. Barua yako nimeisoma hapa saluni hadi nikamchoma mteja sikio. Yai langu, mbegu ya shemeji, tumbo lako? Mtoto huyo ni wangu au wako? Na mimi ishirini na tisa sijazaa bado. Nikikupa, halafu yangu yakaniishia?

Wewe ndiye uliyenilea. Hapana haitoki mdomoni, ndiyo nayo haitoki. Nipe muda.

Mdogo wako

11 Julai

Mdogo wangu,

Hali yako? Karibu miezi minne, kimya. Basi, yaache. Nilikulea kwa sababu nilikupenda, hakuna jingine. Nikikaa kwenye cherehani hujiuliza: nataka mtoto, au nataka miaka yangu irudi? Sijui. Niandikie hata hapana, mradi niuone mwandiko wako.

Dada yako

2 Agosti

Dada, shikamoo.

Sikununa. Nilikwenda kwa daktari wako bila kukuambia. Amenipima, niko sawa. Anasema mayai watakayochukua ni yale ambayo mwili ungeyapoteza mwezi huohuo, na hata hivyo mimba inaweza isishike. Nikamuuliza, “Mama atakuwa nani?” Akavua miwani, akaifuta. “Hilo,” akasema, “halipimwi hapa.”

Bado sielewi, dada. Asubuhi nafurahi, mchana naogopa. Lakini sindano za kukuza mayai zinaanza Jumatatu, nami nimekubali. Sharti langu moja: mtoto akizaliwa asifichwe kitu, hata yale tusiyoyaelewa wenyewe.

Nafika Jumapili. Usinishukuru pale mlangoni. Nikisikia asante, nitageuka nirudi.

Mdogo wako